Plastiki ya Gamba na Plastiki ya Nuru

Hoja kwamba lenzi yenye plastiki haimfai mpiga picha makini wa Mbeya au Iringa inachanganya vitu viwili, yaani gamba linaloshikilia vipande vya ndani, na vipande vyenyewe vinavyopinda nuru. Lenzi ya Canon ya milimita 50 iliyotolewa mwaka 1990 ilipewa gamba la plastiki, uzito wake ukashuka kutoka gramu 190 hadi 130, ilhali vipande vyake 6 vilibaki vya kioo kama katika ile ya mwaka 1987. Aliyeikejeli, basi, alikejeli nguo akidhani ni mwili. Ni kweli kwamba akriliki, ambayo ni plastiki angavu, hutanuka kwa joto takriban mara 10 zaidi ya kioo cha lenzi, na jambo hilo si dogo kwa anayeondoka Mbeya katika baridi ya alfajiri akashukia joto la Usangu. Hata hivyo lenzi za simu, ambazo nyingi ni za plastiki, hustahimili safari hiyo kwa kuwa vipande vyake ni vidogo mno, navyo hukandamizwa kwenye kalibu na kupata mikunjo ambayo kuichonga katika kioo ni ghali. Plastiki huchubuka upesi, lakini kwenye simu hizo kinachokutana na vumbi la Ruaha ni kifuniko cha kioo.