Mgonjwa Aliyemaliza Dozi ya Presha

Katika zahanati nyingi za Tanzania hufanyika mazungumzo mafupi ambayo hayaingii katika rejesta. Mama wa makamo ameketi mbele ya muuguzi, mkono wake umezungushiwa mfuko wa kifaa cha kupimia shinikizo la damu, na kipimo kinaonyesha 180 kwa 110. "Mama, zile dawa ulizopewa unameza?" muuguzi anauliza. Mama anajibu bila wasiwasi, tena kwa fahari kidogo: "Nilimeza zote, mwanangu. Dozi nilimaliza tangu mwezi wa tatu." Muuguzi anashusha pumzi, anaandika katika daftari la mgonjwa kwamba hafuati matibabu, kisha anamwita anayefuata. Siku hiyo akiwapo mtafiti mwenye dodoso, mama huyo ataingizwa katika hesabu ya watu wenye uelewa mdogo kuhusu ugonjwa wao.

Hukumu hiyo si ya haki, na kosa lake linaanzia katika neno moja. Kwa miongo mingi elimu ya afya nchini imesisitiza jambo moja kuliko mengine yote: mgonjwa amalize dozi. Asiache vidonge vya malaria kwa sababu homa imeshuka. Dawa ya mseto ni siku tatu, asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima. Asigawane na jirani dawa za kuua bakteria. Mwenye kifua kikuu atimize miezi yake sita, akipungukiwa na wiki moja anajihatarisha yeye na nyumba yake yote. Ujumbe huo umetolewa redioni, kliniki ya watoto, shuleni na kwenye dirisha la dawa, nao umeshika. Leo ni vigumu kumpata mtu mzima asiyejua maana ya kumaliza dozi: ni kuanza dawa, kuzimeza kwa uaminifu hadi kidonge cha mwisho, na kupona.

Mama aliyepewa vidonge 30 akavimeza siku 30 mfululizo ametenda hasa alichofundishwa. Amekuwa mgonjwa mtiifu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba dawa za shinikizo la juu la damu haziko katika ukoo wa mseto. Kwamba vidonge vile 30 havikuwa dozi bali posho ya mwezi wa kwanza, na kwamba kwa watu wengi mwezi wa mwisho haupo. Pengine aliambiwa "urudi baada ya mwezi", akaelewa kwamba arudi endapo hajapona. Alipojisikia vizuri hakuona sababu ya kurudi. Ikumbukwe kwamba hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza alikuwa akijisikia vizuri.

Hapo ndipo neno la pili linapoleta matatizo, nalo ni gumu zaidi. Wataalamu husema shinikizo la juu la damu. Watu husema presha. Wataalamu wengi hudhani hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, la kitabuni na la mtaani. Sivyo. Presha ya mtaani ni pana kuliko shinikizo la kitabuni. Mtu akidaiwa kodi ya nyumba ana presha. Timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja dakika za mwisho anapata presha. Mwana akichelewa kurudi usiku, mzazi "anapandishwa presha", na asubuhi humwonya mwanawe asimpe presha tena. Kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, na mtu mmoja huweza kusema anazo zote mbili, kila moja kwa siku yake. Presha ya namna hii husikika mwilini: moyo kwenda mbio, kichwa kugonga, jasho, kizunguzungu. Husababishwa na mawazo, habari mbaya, ugomvi wa ndugu. Na ikipita imepita. Wanaanthropolojia waliofanya kazi Dar es Salaam wameshalieleza jambo hili, lakini maandishi yao ni nadra kusomwa na wanaotunga madodoso ya hospitali.

Sasa mtu mwenye dhana hiyo anaulizwa na mtafiti: "Je, ugonjwa wa shinikizo la juu la damu unaweza kuwapo bila dalili?" Anataka kuhakikisha: "Ndiyo presha?" Mtafiti anakubali. Mtu anajibu kwamba haiwezekani, presha lazima uisikie. Anawekewa alama ya kosa. Kwa maana ya neno aliloulizwa, hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni dodoso, lililouliza kuhusu kitu kimoja likapokea majibu kuhusu kingine, kisha likatoa asilimia.

Matokeo ya dhana hiyo katika umezaji wa dawa yanajulikana na kila muuguzi. Mgonjwa humeza kidonge siku anapojisikia presha imepanda, yaani siku ya msiba, siku ya deni, siku kichwa kinapouma, na siku nyingine hukihifadhi. Kwake huo ni uangalifu: dawa ni ghali, na kumeza dawa mwili ukiwa mzima ni kuutafutia madhara. Wapo pia wanaoogopa kuanza kabisa kwa kuwa wamesikia kwamba dawa za presha ukizianza huziachi tena. Katika hilo hawakudanganywa. Wamepindua tu sababu na matokeo. Kinachomlazimisha mtu kuendelea ni ugonjwa, lakini yeye anaona dawa ndiyo inayomfunga.

Tafiti za maarifa, mtazamo na matendo zimekuwa nyingi katika vyuo vya tiba, na sababu yake inaeleweka. Hazihitaji maabara, mwanafunzi anaweza kuzikamilisha katika muda wa masomo yake, na takwimu zake hupangika vizuri kwenye majedwali. Kasoro yake ni kwamba hitimisho huweza kuandikwa kabla ya kazi kuanza: uelewa ni mdogo, elimu zaidi itolewe. Sentensi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Inaweka tatizo ndani ya kichwa cha mgonjwa, na kwa kufanya hivyo inawapumzisha wengine wote: anayenunua dawa, anayepanga watumishi, anayetunga ujumbe wa redio, na mtafiti mwenyewe.

Zipo takwimu zilizopaswa kuzuia pumziko hilo mapema. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, Kilimanjaro. Ilala, zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikutwa na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, au walikuwa tayari wakitumia dawa. Shari, kijijini, walikuwa zaidi ya robo. Kati ya wote waliokutwa na tatizo, chini kidogo ya asilimia 20 ndio waliokuwa wanajua kwamba wanalo. Takriban asilimia 10 walikuwa wanapata matibabu. Waliokuwa wamedhibitiwa hawakufika asilimia 1.

Mara nyingi msomaji hushtushwa na ile asilimia 20 na kuishia hapo. Lakini hatua zinazofuata zinatisha zaidi. Nusu ya waliojua hawakuwa katika matibabu. Na katika kila watu 10 waliokuwa katika matibabu, hakufika hata mmoja ambaye matibabu yalikuwa yanamsaidia kwa kipimo. Hao walishapimwa, walishaambiwa, walishakubali, walishapewa dawa. Kwao wao haiwezekani kusema kwamba tatizo ni kutojua tu. Sura ya dunia nzima haiko mbali na hiyo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, asilimia 46 hawakujua, na ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amedhibitiwa. Maana yake ni kwamba hata miongoni mwa wanaojua, walio wengi bado wako hatarini.

Haifai, hata hivyo, kuutua mzigo kutoka kichwa cha mgonjwa na kumtwisha muuguzi. Mafunzo yanamtaka amweke mgonjwa kitini dakika tano kabla ya kumpima, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, mfuko wa kipimo ukiwa wa saizi inayofaa na juu ya ngozi tupu, bila mazungumzo, kisha apime tena. Muuguzi huyo ana foleni inayofika hadi nje ya mlango na pengine kifaa kimoja chenye mfuko wa saizi moja. Mgonjwa aliyetembea juani anapimwa juu ya mkono wa gauni huku akitaja jina lake na kijiji chake. Kuongea huongeza kipimo. Mfuko mdogo kwenye mkono mnene nao huongeza. Hivyo baadhi ya walioandikwa kuwa dawa zimewashinda huenda wameshindwa na kiti na foleni. Hakuna semina ya uhamasishaji itakayoyaponya hayo, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba semina ndiyo hupendekezwa kwanza.

Utafiti mmoja wa Marekani unaonyesha vizuri tofauti kati ya kuelimisha na kuhudumia. Watafiti wakiongozwa na daktari Ronald Victor walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kazi yao katika saluni 52 za vinyozi weusi jijini Los Angeles, wakiwa na wateja 319, wanaume weusi wenye shinikizo la juu. Katika kundi moja kinyozi aliwahimiza wateja wake kubadili mtindo wa maisha na kwenda kwa daktari. Katika kundi la pili kinyozi aliwakutanisha na mfamasia aliyefika saluni hapo hapo, akawapima na kuwapa dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi 6, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa milimita 9.3 za zebaki katika kundi la kwanza, na milimita 27 katika la pili. Makundi yote mawili yalihimizwa na mtu wanayemwamini. Kundi moja tu ndilo lililofuatwa na dawa pale lilipokuwa. Mpango huo hauwezi kuhamishiwa Manzese au Moshi kama ulivyo, maana sheria ya dawa na idadi ya wafamasia ni tofauti; lakini unaonyesha mahali pa kutazama.

Wala si lazima kutazama mbali. Tanzania ina kundi kubwa la watu wanaomeza dawa kila siku bila kujisikia wagonjwa, nao ni wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wengi wao hawakusoma zaidi ya mama aliyemaliza dozi. Walichopewa ni kliniki yenye siku yake, kadi yenye tarehe ya kurudi, dawa bila malipo, mhudumu wa kuwatafuta wasipotokea, na wagonjwa wenzao waliowatangulia. Walipewa pia lugha mpya. Kliniki hizo hazikuwaahidi kumaliza. Neno kufubaza lenyewe linaeleza kwamba adui yupo, amedhoofishwa, na ataamka ukiacha. Kwa presha hakuna aliyejishughulisha kutafuta neno la namna hiyo. Mgonjwa ameachiwa lugha ya malaria, na mara nyingi ameachiwa pia anunue dawa dukani kwa fedha yake.

Yapo mambo ambayo vyuo vinaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti mpya. Dodoso la shinikizo la damu lisiende kijijini kabla ya watu 10 wa mahali hapo kuulizwa maana ya presha, dozi na kupona, na majibu yao kuandikwa kama walivyoyasema. Kila utafiti unaopima uelewa wa wagonjwa ulazimishwe kupima pia kama dawa zilikuwapo dirishani siku hiyo, na kama kifaa cha kupimia kilikuwa kizima. Matokeo yarudi katika zahanati ilikotoka takwimu, kwa Kiswahili na kwa kurasa chache, ili muuguzi aliyetoa nusu siku yake kumwongoza mtafiti ajue kilichopatikana. Kamati za maadili, ambazo huhakikisha kwa makini kwamba mshiriki ametia saini ridhaa, zinaweza kuuliza swali moja zaidi: nakala ya matokeo itamfikia nani, na lini.

Watakaopinga watasema kwamba nusu ya tatizo bado ni watu wasiopimwa kabisa, na elimu kwa umma ndiyo itakayowaleta. Ni kweli, na kupima watu sokoni, msikitini, kanisani na kazini kuendelee. Lakini mtu akipimwa sokoni, akaambiwa ana presha, akafika zahanati akakuta dawa hakuna, atakuwa ameongezwa katika ile asilimia 20 ya Ilala na Shari na si zaidi.

Muuguzi yule naye angeweza kuuliza kwa namna nyingine. Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa kati ya "nilimaliza dawa" na "dawa ziliniishia". Wa kwanza anadhani amepona. Wa pili anajua hajapona, ila hakuwa na nauli, au fedha, au alirudi akaambiwa aje wiki ijayo. Wa kwanza anahitaji dakika tano za maelezo. Wa pili hahitaji maelezo yoyote. Katika madodoso mengi wote wawili hutiwa alama katika kisanduku kimoja kilichoandikwa "ameacha dawa".