Mazrui Si Jina la Mgeni

Katika darasa moja hapa Kampala tulimsikia mwalimu mwenzetu akiwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba Mazrui maana yake ni mkulima, na kwamba kila mwenye jina la namna hiyo ni mgeni aliyeletwa na jahazi. Kijana mmoja wa asili ya pwani aliinamisha kichwa. Kauli zote mbili tunazikataa.

Tuanze na sarufi. Mzizi wa neno hilo ni wa Kiarabu, wenye maana ya kupanda mbegu, nao ndio uliotupa sisi neno zaraa, yaani kilimo, ambalo wanafunzi wetu hawalijui tena (na baadhi ya walimu wao). Lakini umbo la mazrui halimtaji mpandaji, lataja kilichopandwa. Na ile -i ya mwisho ni alama ya nasaba, kama katika Busaidi na Barwani: humwonyesha mtu ukoo wake, wala haisemi lolote juu ya kazi ya mikono yake. Anayelifasiri jina la ukoo kwa mzizi peke yake na aende basi akawatafute pembe watu wa ukoo wa Mbogo hapa Buganda.

Hilo la ugeni ndilo lituumalo zaidi. Wamazrui walitoka Omani, hatukatai. Wakaitawala Mombasa hata Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Lakini je, jina lao lilibaki Omani? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawasemesha watu wa Mombasa kwa Kiswahili chao. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa Mombasa 1933, akafundisha katika chuo chetu cha Makerere tangu 1963 hata utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke 1973. Miaka kumi jina hilo lilibishaniwa juu ya kilima kile, na waliobishana nalo hawakuuliza jahazi lake.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima. Tutakifundishaje huku tukiwafukuza wenyewe? Tunamtaka mwenzetu yule arudi darasani, afute alichokiandika, kisha amwombe kijana yule alitamke jina lake jinsi litamkwavyo kwao.