Tarehe Inatufunga Sisi, Mbona Haiwafungi Wao?

Kwenye kalenda ya simu yangu kuna siku moja niliyoiwekea kengele tatu: 30 Juni. Ya kwanza inalia Mei, ya pili wiki moja kabla, ya tatu asubuhi ya siku yenyewe. Na sina kazi! Mwaka jana sikupata hata shilingi ya kukatwa kodi. Lakini nina PIN ya KRA, maana bila PIN husongi, hata mkopo wa HELB wanaitaka. Ukishakuwa nayo, unatakiwa kujaza ritani kila mwaka, hata kama ni ya sufuri.

Ukilala tarehe 30 bila kujaza, unaamka tarehe 1 Julai na faini ya shilingi 2,000. Hukupata kitu mwaka mzima? Haijalishi. Ulikuwa kijijini bila bando? Shauri yako. Tarehe ni tarehe.

Sasa shika hiyo 2,000 vizuri, usiiachilie.

Shilingi 2,000 ndiyo pesa ambayo mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi kwa mwezi mmoja. Pesa ile ile, serikali ile ile. Hebu jaribu kumwekea shosho wako kengele ya siku ya kuipokea. Utaweka tarehe ngapi? Haiko. Hutangazwa wakati wakuu wameamua kutangaza. Kuna wakati imekaa miezi, halafu ikalipwa kwa mpigo, na tukaambiwa tufurahi kwa sababu malimbikizo yameingia.

Najua kuna msee ataniambia, "Si mwishowe wanalipwa? Shida iko wapi?" Shida ni kwamba njaa haina malimbikizo. Mzee hawezi kumeza leo dawa ya presha aliyoikosa miezi miwili iliyopita. Unga uliochukuliwa kwa deni umeshaandikwa kwenye daftari la duka, na mwenye duka hangoji tangazo la waziri. Pesa ikifika, nusu ni ya madeni. Na kwa kungojeshwa huko, mzee haongezewi hata shilingi kumi. Mimi nikichelewa siku moja, nalipa. Wao wakichelewa miezi, wanapigiwa makofi.

Wengine watasema pesa ya wazee ni msaada, na msaada hauna ratiba. Hapana. Ile ni kodi yetu. Shosho ameilipa maisha yake yote kwenye sabuni, mafuta ya taa na kila kitu alichonunua dukani. Hiyo si sadaka ya mtu.

Nieleweke: sisemi tusijaze ritani. Jaza, tena jaza mapema. Dirisha huwa wazi tangu Januari, na ritani ya sufuri unaimaliza haraka kwa iTax bila kumlipa mtu wa saiba. Usiwape hiyo 2,000 yako bure.

Ninachosema ni kwamba kama tarehe ni sheria, basi imfunge kila mtu. Inua Jamii ipewe siku moja ya mwezi, ijulikane kama 30 Juni inavyojulikana. Siku hiyo ikipita bila pesa, mzee aongezewe kitu, kama vile sisi tunavyotozwa. Usiniambie mitambo haiwezi. Mitambo inayojua kwamba kijana asiye na kazi amechelewa siku moja haiwezi kushindwa kujua kwamba mzee amengoja miezi miwili.

Kwa hivyo ukishajaza ritani yako, fanya kitu kimoja. Mpigie shosho au guka, muulize pesa ya mwisho iliingia lini, na ilikuwa ya mwezi gani. Iandike. Mwezi ujao uliza tena, uandike. Wao wana rekodi ya kuchelewa kwetu. Na sisi tuwe na rekodi ya kuchelewa kwao, ili siku wakija kuomba kura tuwafungulie daftari.