Hiyo programu ya mavazi inadhani Lodwar ni London

Nianze na msimbo wenyewe, tusibishane hewani. Kila hakathoni fupi ya wanaoanza huwa na kundi la programu ya mavazi. Unaandika jina la mji, programu inavuta hali ya hewa kutoka kwa API, halafu inakwambia uvae nini. Chini ya digrii 10, koti. Kati ya 10 na 20, sweta. Juu ya 25, tisheti na kaptula. Mvua ikinyesha, mwavuli. Siku mbili za kazi, picha nne za nguo, slaidi kadhaa, makofi.

Sasa hebu weka Lodwar. Mchana joto hugonga digrii 35 karibu mwaka mzima, na usiku kushuka chini ya 20 ni nadra. Kwa hivyo hiyo programu ina jibu moja: tisheti na kaptula, Januari mpaka Desemba. Wasee, programu yenye jibu moja ni bango. Ungeandika ukutani kwa chaki uokoe bando.

Nimekaa kwenye ukumbi hapa Turkana nikaona vijana wakali, wanaojua kazi, wakionyesha programu kama hiyo. Ilipofika zamu ya kuijaribu, wakaandika "London" ndio koti litokee kwenye skrini. Majaji wakatabasamu. Hakuna aliyeuliza mbona hatujaona Lodwar, mbona hatujaona Kakuma. Lawama yangu si kwa hao vijana, walijenga walichofundishwa. Nalaumu anayeleta zoezi lililoandikwa kwa mtu anayeogopa baridi, kisha anatupa alama kwa kulinakili bila kosa.

Na jibu lenyewe hata si sahihi. Tisheti na kaptula, saa saba mchana, Turkana? Angalia wazee. Angalia mchungaji. Shuka imemfunika mabega, saa zingine mpaka kichwa. Angalia mtu wa boda, jaketi nzito na uso umefungwa kitambaa. Hao si washamba wasiojua joto. Hewa ikishapita joto la ngozi yako, haikupozi tena, inakuongezea, na jua nalo linakuchoma moja kwa moja kama hujajifunika. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kanzu nyeusi za Wabedui jangwani. Walipata kwamba kanzu nyeusi hunyonya joto zaidi kuliko nyeupe, ila hilo joto la ziada hupotea kabla halijafika mwilini. Nguo pana, hewa inapita ndani, basi. Nyanya yako hakungoja Nature.

Halafu upepo. Hapa ndipo huwa nakasirika kabisa. Kuna mkondo wa upepo unaojulikana na wanasayansi duniani kwa jina letu: mkondo wa Turkana. Mwaka 1982 Kinuthia na Asnani walichapisha makala juu yake, upepo wa kasi unaotoka kusini-mashariki na kubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Una nguvu zaidi usiku na asubuhi. Ng'ambo ya ziwa, kaunti ya Marsabit, upepo huo unazungusha mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310. Yaani upepo wa hapa unaendesha umeme wa taifa, lakini programu iliyojengwa hapa haisomi hata kasi yake. Mvuvi wa Eliye Springs anayeingia majini kabla ya jua kutoka, mwambie digrii 26, avae tisheti. Atakucheka.

Na mwavuli ndio kichekesho kikubwa. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, tena kwa ghafla. Hatari yetu mara nyingi haitoki kwenye wingu lililo juu yako. Inanyesha mbali, vilimani, halafu laga iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi inashuka na maji ya kubeba lori. Mto Turkwel wenyewe unaanzia Mlima Elgon, huko juu unaitwa Suam. Kule Kakuma, Tarach hupita kando ya kambi, na maji yakija hayaulizi kama hapo pamenyesha. Programu inakuonyesha jua linang'aa, ikoni safi kabisa, na wewe uko katikati ya laga umevaa kaptula uliyoshauriwa.

Najua jibu: "Buda, hayo ni mazoezi tu, mtu ajifunze kuvuta data kwanza." Sawa, ajifunze. Sipingi zoezi dogo, kila mtu huanza na kitu kidogo. Lakini kuvuta data ya London na kuvuta data ya Lodwar ni kazi ileile. Tofauti iko kwenye swali. Ukimzoeza mtu wa miaka kumi na tisa kwamba mji wake ndio unaoharibu onyesho, umemfundisha kitu, na si kuandika msimbo.

Tena jibu zuri lipo hapahapa Eliye Springs, limejengwa kwa mawe. Kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika 2021, ilichorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, yule aliyepata tuzo ya Pritzker 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ile minara mirefu unayoiona ukiwa mbali si mapambo. Wazo lake limetoka kwa vichuguu vya mchwa wa huku: hewa ya moto inapanda na kutoka juu, hewa safi inaingia kupitia matundu ya chini, na walio ndani wanafanya kazi kwenye kompyuta bila kuchemka. Mchoraji aliuliza joto linatoka wapi, upepo unapita wapi, kabla ya kuchora ukuta. Watu wanasafiri kuja kuipiga picha hiyo minara. Hebu tuige na hiyo akili.

Kwa anayeanza si kazi ngumu. Open-Meteo ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara na haihitaji hata ufunguo. Inakupa upepo, mnururisho wa jua na mvua, saa kwa saa, kwa popote unapotaja latitudo na longitudo. Weka pointi mbili: pale ulipo, na kule mto wako unakotoka. Toa majibu kwa saa, si kwa siku: asubuhi kitambaa cha uso, saa saba shuka au mikono mirefu mipana, jioni chochote. Na kama kumenyesha sana juu, iseme "uliza watu kabla ya kuvuka laga." Isiseme kamwe kwamba laga ni salama, maana utabiri wa kompyuta haujui hilo, na mtu anaweza kukuamini.

Ile ya koti usiifute. Siku ukipata mteja wa Berlin muuzie, na umlipishe kwa euro.