Baridi, betri na foleni ya Chicago

Na Mwandishi Wetu

KATIKATI ya Januari 2024, baridi kali iliukumba mji wa Chicago nchini Marekani na kipimajoto kikashuka hadi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Katika vituo vya kuchajia magari ya umeme vya Oak Brook na Evergreen Park, pembezoni mwa mji huo, madereva walijikuta wakisubiri kwa saa nyingi. Baadhi ya magari, mengi yakiwa ya Tesla, yalizimika yakiwa kwenye foleni na ikabidi yavutwe.

Picha za tukio hilo zilienea dunia nzima kwa muda mfupi. Wale ambao siku zote wameyaona magari ya umeme kuwa kiini macho walipata ushahidi waliokuwa wakiutafuta: teknolojia hii, wakasema, ni ya nchi za jua.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama isingekuwapo Norway. Nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya, ambayo sehemu yake kubwa hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa, ndiyo inayoongoza duniani kwa matumizi ya magari hayo. Mwaka 2024, karibu magari 89 katika kila magari mapya 100 yaliyouzwa humo yalikuwa ya umeme mtupu, na mwaka 2025 kiwango hicho kikapanda hadi kukaribia 96. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba magari ya umeme yaliyosajiliwa nchini humo yamezidi kwa idadi yale ya petroli.

Swali la kujiuliza, basi, ni kwa nini baridi ileile inayovumilika Oslo iliwaangusha madereva wa Chicago.

Jibu linaanzia ndani ya betri yenyewe. Betri za magari haya hufanya kazi kwa chembe za lithiamu ziitwazo ioni, ambazo husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine zikipita katika kimiminika. Gari linapotembea ioni huenda upande mmoja, na linapochajiwa hurudi zilikotoka. Baridi inapozidi, kimiminika hicho huwa kizito, mithili ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, na ioni hupita kwa taabu.

Nishati haijapotea kwa maana ya kutoweka. Sehemu yake imezuiliwa tu, na betri ikipata joto hupatikana tena. Ndiyo maana dereva aliyeegesha gari usiku kucha kwenye baridi huweza kukuta chaji imepungua bila kutembea hata hatua moja, kisha akashangaa kuona sehemu yake inarudi baada ya safari ya nusu saa.

Kuchaji ndiko kwenye hatari zaidi. Umeme mwingi ukisukumwa kwenye betri iliyoganda, lithiamu hushindwa kupenya mahali pake na kujibandika juu juu kama utando wa chuma, na uharibifu huo ni wa kudumu. Kwa sababu hiyo kompyuta ya gari hukataa kupokea umeme kwa kasi hadi betri ipate joto. Kwa kukataa huko gari linailinda betri yake, ingawa kwa dereva anayetetemeka ndani hali hiyo haina tofauti na ubovu.

Hata hivyo, betri si mlaji mkuu wa masafa wakati wa baridi. Mlaji mkuu ni abiria.

Mwaka 2019, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha matokeo ya majaribio ya magari 5 ya umeme yaliyopimwa katika chumba maalumu. Katika baridi ya takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, umbali ambao magari hayo yangeweza kwenda kwa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 12 pale hita ilipozimwa. Hita ilipowashwa, upungufu ulifika asilimia 41. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo gharama ya kumpasha joto binadamu.

Katika gari la petroli gharama hiyo haionekani, kwa kuwa ilikwishalipwa kituo cha mafuta. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa huwa joto linalotupwa kupitia rejeta na bomba la moshi. Hita ya gari la namna hiyo huokota tu kilichokuwa kinatupwa. Mota ya umeme haina utupaji huo. Hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme kuwa mwendo, na joto linalobaki halitoshi kuwapasha wenye gari. Ubora wake wa mwaka mzima unageuka kuwa udhaifu wake wa majira ya baridi.

Tuchukue mfano. Gari la kawaida la umeme hutumia takriban uniti 20 kwenda kilomita 100, na hita ya waya huweza kula uniti 4 kwa saa. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa moja barabara kuu atatumia uniti 24, na hita imechukua moja ya sita tu. Lakini aliyenaswa kwenye foleni ya mjini kwa saa mbili, akaenda kilomita 20, atatumia uniti 4 kwa mwendo na 8 kwa hita. Theluthi mbili za umeme wake zimeishia kwenye miguu na vioo. Baridi, kwa hiyo, humtesa zaidi mtu wa safari fupi na za polepole, yaani mtu wa mjini, ambaye ndiye aliyeambiwa kuwa gari hili limetengenezwa kwa ajili yake.

Yapo mengine madogo. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 16 kuliko hewa ya nyuzi 20 juu ya sifuri, hivyo gari husukuma mzigo mkubwa zaidi mbele yake. Tairi hupungua upepo. Breki zinazorudisha umeme kwenye betri huzuiliwa kwa sababu ileile ya kuchaji. Na kwa kuwa haki ni haki, gari la petroli nalo huathirika: kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri mwendo wake wa mjini kwa lita moja hupungua kwa takriban asilimia 15. Tofauti ni kwamba tangi lake hujazwa kwa dakika chache.

Sasa turudi Chicago tukiwa na maelezo hayo mkononi. Dereva anafika kituoni na chaji kidogo, betri ikiwa ya baridi. Mashine chache ni mbovu, na zilizo nzima zinafanya kazi polepole kwa sababu kila gari linalochomekwa linatumia dakika za mwanzo kujipasha joto. Foleni inarefuka. Anayesubiri hawezi kuzima hita katika baridi ya namna ile, hivyo anamaliza hata kile kidogo alichobaki nacho. Akifika zamu yake, betri imepoa zaidi na itachukua muda mrefu zaidi, naye anawacheleweshea walio nyuma yake. Fizikia ilianzisha tatizo, lakini kilicholikuza ni uchache wa mashine na ukosefu wa maandalizi.

Jambo ambalo halikusemwa sana ni nani waliokuwa kwenye foleni ile. Mwenye nyumba yenye gereji na soketi hana sababu ya kwenda kituoni usiku wa baridi. Gari lake limechajiwa usiku kucha, na asubuhi hulipasha joto kwa umeme wa ukutani kabla ya kulichomoa, likaanza safari likiwa na betri yenye joto na viti vyenye joto bila kugusa akiba. Wanaotegemea vituo vya barabarani ni wapangaji wa ghorofani, na wale wanaoendesha kutwa nzima kutafuta riziki. Kwao bei ya baridi ni kubwa zaidi, na mara nyingi ndio wenye kipato kidogo.

Hapo ndipo Norway ilipotofautiana. Wengi wa wamiliki huchaji nyumbani, umeme wa nchi hiyo karibu wote hutokana na maji, na Serikali ilianza kuyasamehe magari haya kodi ya ongezeko la thamani tangu mwaka 2001, miaka mingi kabla hayajawa mali ya watu wengi. Zaidi ya hayo, watu wa kaskazini walikwishazoea kuchomeka magari yao ukutani hata yalipokuwa ya petroli na dizeli, ili injini isigande.

Hata wao hawakunusurika kabisa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2024, mabasi ya umeme ya Oslo yalishindwa kukamilisha safari nyingi kwa sababu ya baridi, na abiria wakaachwa vituoni. Basi lenye milango inayofunguka kila baada ya dakika chache ni nyumba isiyopashika joto.

Lipo pia suala la namba zinazotangazwa na watengenezaji, na hapa mwandishi haoni sababu ya kuwa mpole. Umbali unaoandikwa kwenye vipeperushi barani Ulaya hupimwa maabara, katika joto la nyuzi 23, hita na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Chama cha wenye magari cha Norway, NAF, hukusanya magari kila majira ya baridi na kuyaendesha barabarani hadi yaishiwe chaji. Mwanzoni mwa 2024 Tesla Model 3 iliyoahidi kilomita 629 ilisimama baada ya kilomita 441. HiPhi Z ya China, iliyoahidi 555, ilikwenda 522. (Kampuni iliyoitengeneza ilisimamisha uzalishaji mwezi uliofuata, kwa hiyo kushinda jaribio hakukuwa kinga.)

Magari mawili, barabara moja, siku moja: moja limepoteza asilimia 30 na jingine 6. Pengo hilo linaonyesha kwamba uhandisi una la kufanya. Pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa, huchota joto la nje na kuliingiza ndani kwa umeme mchache zaidi kuliko hita ya waya, ingawa msaada wake hupungua baridi inapozidi. Aprili 2025 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri ya sodiamu ambayo inadai itabaki na asilimia 90 ya uwezo wake hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Dai la mtengenezaji hubaki dai hadi magari yenyewe yapite Oslo mwezi wa Januari.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuona haya hayamhusu. Hata Makete na Njombe, ambako umande huganda Juni na Julai, baridi haijafikia hiyo. Lakini magari ya umeme yaliyotumika, hususan Nissan Leaf kutoka Japani, yanakuja na namba zilezile za kipeperushi, na kwetu adui ni joto. Katika majaribio yaleyale ya AAA, joto la nyuzi 35 na kiyoyozi kikiwa kimewashwa vilipunguza masafa kwa asilimia 17. Ni nafuu kuliko baridi, ila baridi hukopa na kurudisha, wakati joto la muda mrefu huizeesha betri moja kwa moja. Leaf ya matoleo ya zamani haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la jangwa, walilalamika kuwa betri zao zinachoka mapema mno. Kwenye dashibodi yake, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Gari likiwa jipya huwaka vyote.