Je, programu za kompyuta ya nyumbani ni halali?



Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwanunulia wanangu kompyuta iliyokwisha kutumika. Fundi akaniuliza, "Sheikh, nikuwekee na programu zote?" Nikamwambia aweke. Akachukua ujira wake mdogo, nami nikarudi nyumbani kwa furaha. Ni binti yangu mkubwa aliyeona maandishi madogo pembeni ya kioo, yakisema kwamba nakala ile si halisi. Akauliza, "Baba, kwani hii tumeiiba?" Sikuwa na jibu. Muda wote huo nilikuwa nikiandika makala juu ya amana kwa programu ambayo mwenyewe hakunipa ruhusa ya kuitumia.

Wako wanaodhani kwamba sharia haina neno hapa, kwa kuwa programu haishikiki mkononi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikwishalizungumza suala hili katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988: haki za uandishi na uvumbuzi zina thamani ya mali, zinalindwa kisharia, na haijuzu kuzivamia. Ni kweli, wapo wanazuoni waliolegeza kwa mtu binafsi mwenye haja, asiyefanya biashara kwa nakala ile. Nami nilijificha chini ya kivuli hicho kwa muda. Nilijiambia kuwa leseni inauzwa kwa dola na kipato changu ni cha shilingi, basi hii ni dharura.

Lakini dharura huondoka pale halali inapopatikana, na hapa halali ipo tangu zamani. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi aliyoiita GNU, ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuchunguza zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Simu yako ya mfukoni, kama ni ya Android, inaendeshwa kwa kiini hicho.

Hizi ndizo programu huria, na tofauti yake si bei tu. Katika programu zilizofungwa unauziwa ruhusa ya kutumia, na kumnakilia jirani ni kuvunja mkataba. Katika hizi, mwenyewe ameruhusu kwa maandishi umnakilie jirani. (Nazo zina masharti yake: anayeirekebisha programu yenye leseni ya GNU na kuigawa hana haki ya kuwaficha wengine alichokiandika.)

Wala sisi wazungumzaji wa Kiswahili hatukuwa watazamaji. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leseni yake iliwaruhusu kuifungua na kuitafsiri bila kungoja idhini ya kampuni yoyote. Mwaka 2007 Waislamu nao walitoa toleo la Ubuntu lenye nyakati za swala na Qur'an ndani yake, ambalo baadaye likaitwa Sabily. Nalitaja hili pia ili tusidanganyane: waliolitunza waliacha, nalo likafa. Programu nyingi huria husimama kwa watu wanaojitolea, na watu huchoka.

Suala hili limebisha hodi majumbani hivi karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mzazi ataambiwa anunue mashine mpya, au amwite fundi aje na nakala iliyochakachuliwa, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake. Kabla hajaamua, na amwombe fundi huyo huyo ampakulie Linux Mint au Ubuntu kwenye flashi. Mfumo huo utawaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa chochote kilichomo, aujaribu mwenyewe. Akiridhika, ahifadhi kwanza picha na nyaraka za familia mahali pengine, ndipo auweke moja kwa moja.

Sisemi kwamba hakuna taabu. Mama watoto alinung'unika wiki nzima kwamba kila kitu kimehama mahali pake. Aidha, zipo programu za uhasibu zisizofanya kazi ila ndani ya Windows. Anayezihitaji kwa riziki yake, leseni na iingie katika gharama za biashara, kama vile kodi ya chumba.

Makala haya nimeyaandika kwa LibreOffice, programu huria iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010. Mhariri alinipigia simu kuwa aya mbili zimefika zimepinda. Nikazinyoosha, nikamtumia tena.