Sindano ya dola 50 na sindano ya dola 2,000

Vijana wenzangu, tukisema haki tunafikiria polisi, vitambulisho na korti. Leo tuongee bei ya dawa, maana hapo pia mtu hudhulumiwa na hajui.

Uvimbe wa saratani haukui bila mishipa yake ya damu. Daktari Judah Folkman wa Marekani aliandika hivyo mwaka 1971 na wengi hawakumwamini. Baadaye ikajulikana kuwa uvimbe hutoa protini iitwayo VEGF, inayoita mishipa mipya ije kuulisha. Mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha Avastin, kingamwili inayoikamata VEGF, itumike kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Haiponyi, lakini pamoja na kemotherapi humwongezea mgonjwa muda.

Sasa skizeni. VEGF hiyo hiyo huharibu macho ya wazee na ya wenye kisukari. Mishipa mibovu huota nyuma ya jicho, inavuja, mtu anapofuka. Kampuni ile ile iliyotengeneza Avastin ikaleta sindano ya macho, Lucentis, karibu dola 2,000 kwa dozi huko Marekani. Madaktari nao waligawanya chupa ya Avastin kwa dozi ndogo ndogo za kama dola 50. Mwaka 2011, utafiti uliolipiwa na serikali ya Marekani kwa wazee karibu 1,200 ulionyesha zote mbili zinasaidia kuona sawasawa. Mwaka 2013 WHO ikaiweka Avastin ya macho kwenye orodha ya dawa muhimu.

Na bado kuna waliotaka tuiogope. Mwaka 2014 Italia iliwatoza Roche na Novartis faini ya zaidi ya yuro milioni 180 kwa kupanga pamoja kuwatia watu hofu juu ya ile ya bei nafuu.

Kweli, chupa ikigawanywa pasipo usafi jicho huingia vijidudu, na imeshatokea. Basi tudai vyumba safi vya kugawia dawa katika hospitali za umma. Bei ya juu si dawa ya uchafu.

Kwa hivyo nyanya akiambiwa anahitaji sindano ya jicho, usinyamaze. Muulize daktari kwa heshima: kuna ya bei nafuu? Imegawanywa wapi, na nani? Kuuliza si utovu wa adabu, ni haki yake. Macho ni yake.